Tamasha la Sinema la Nchi za Jahazi

Jioni hii nimekuja kuzungumza nanyi habari za tamasha kubwa la sinema lifanywalo Unguja kila mwaka, ambalo watu wa mataifa mengi hulihudhuria. Najua wako watakaosema, "Sisi ni watu wa Ufipa. Tumekaa juu ya uwanda wa baridi, na bahari iko mbali nasi. Mambo ya Unguja yatuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie. Kwanza nitawaambia jambo moja lililotokea Izia, hapa Sumbawanga, nilipokuwa mtoto. Kisha mtaona sababu ya hotuba hii.

Katika miaka ya sabini gari la sinema lilikuja kwetu. Sisi watoto tulilikimbilia tangu mchana, tukamtazama fundi akifunga kitambaa cheupe baina ya nguzo mbili. Jua lilipokuchwa injini ikanguruma, mwanga ukatoka, na kitambaa kikajaa watu na miti na ng'ombe. Picha ile ilikuwa ya kufundisha kilimo cha kahawa. Ilikuwa picha njema, nasi tulifurahi sana. Lakini babu yangu, ambaye ujana wake alifanya kazi ya kuyeyusha chuma, alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akamwendea fundi kwa adabu, akamwuliza, "Bwana, nimewaona watu wa kahawa. Sisi watu wa ulezi na wa chuma tutatokea lini?" Fundi akacheka bila ubaya, akajibu, "Mzee, hiyo haimo katika sanduku langu."

Neno lile limekaa moyoni mwangu tangu siku ile. Ni nani anayechagua picha za kutiwa katika sanduku? Tamasha la sinema ni mahali ambapo swali hilo hujibiwa.

TAMASHA LA SINEMA NI KITU GANI?

Ninyi nyote mwajua mnada. Mkulima huleta mahindi yake, mwingine mbuzi, mwingine vyungu. Watu huzunguka, hutazama, hulinganisha, huulizana habari za safari. Mtu hutoka mnadani amejua bei, na pia amejua jirani zake wanafanya kazi gani. Tamasha la sinema ni kama mnada wa namna hiyo, ila bidhaa yake ni picha. Watengenezaji hupeleka picha zao. Watu waliochaguliwa huzitazama kwanza na kuziweka kando zisizofaa. Zilizobaki huonyeshwa mbele ya watu wote. Na mwisho waamuzi hutoa tuzo kwa zile zilizopita nyingine kwa uzuri.

Sinema yenyewe si kitu cha kale. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu picha zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Tamasha la kwanza la sinema la mataifa lilifanywa mjini Venice, nchi ya Italia, mwaka 1932. Watu wengi walilisifu. Walakini haukupita muda mrefu wakubwa wa siasa wakaingiza mikono yao. Mwaka 1938 tuzo kubwa zilikwenda kwa picha ya Wajerumani na kwa picha ya Kiitalia iliyosimamiwa na mwana wa Mussolini, na watu wa mataifa mengine wakaona kwamba haki imepotea. Basi Wafaransa wakaazimu kufanya tamasha lao katika mji wa Cannes mwezi wa Septemba 1939. Vita vikazuka mwanzo wa mwezi ule ule, tamasha likavunjika, na halikufanyika mpaka mwaka 1946. Tangu hapo limekuwa tamasha lenye sifa kuliko yote.

Nawaambieni habari hizi ili mwone ya kuwa tuzo si mchezo. Mwenye kuamua picha ipi ni njema, ndiye mwenye kuamua watu gani watasikika.

Waafrika walilitambua jambo hilo. Mwaka 1966 tamasha la Carthage lilianzishwa nchi ya Tunisia. Mwaka 1969 likaanzishwa jingine mjini Ouagadougou, katika nchi iitwayo sasa Burkina Faso. Tuzo yake kubwa ni sanamu ya farasi, ukumbusho wa Yennenga, binti mfalme anayesimuliwa katika habari za kale za Wamosi. Miongoni mwa waliolipigania tamasha hilo alikuwa Ousmane Sembène wa Senegal, aliyefariki mwaka 2007. Mtu huyu alikuwa kuli bandarini Marseille, kisha akawa mwandishi wa vitabu. Lakini aliona kuwa watu wa kwao, aliowaandikia, wengi hawajui kusoma Kifaransa. Kwa hiyo akiwa mtu mzima alikwenda kujifunza sinema, akaifanya iwe kama shule ya jioni kwa wale ambao kitabu hakikuwafikia.

SINEMA KATIKA NCHI YETU

Hata kwetu sinema ina historia. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya majaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Wazungu wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mambo ya fedha. Waigizaji walikuwa watu wa nchi, na maneno yalitiwa katika sahani za santuri. Lori liliyachukua mashine na injini ya umeme, likapita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika kwa maelfu. Lakini mnaona? Picha zilikwenda kwa watu. Haikuwa kazi ya watu kuzituma picha zao kwa wengine.

Mwaka 1952 ilitokea picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba aliyekwenda mjini akadanganywa. Aliyeigiza ndani yake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya uhuru Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Mwaka 1985 picha iitwayo Arusi ya Mariamu, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilipata tuzo Ouagadougou. Inasimulia habari za mwanamke mgonjwa aliyeogopa waganga wa jadi, na jinsi alivyoishinda hofu yake. Basi picha yetu ilisafiri mbali ikasifiwa. Lakini hapa nyumbani hapakuwa bado na mahali pa kuzikusanya picha za Afrika ya Mashariki, zikatazamwa na kuamuliwa na wenyewe.

JINSI TAMASHA LA UNGUJA LILIVYOANZA

Mahali hapo pakapatikana Unguja. Mwaka 1997 watu wapenda sanaa, wenyeji na wageni waliokaa pale, waliunda chama kisicho cha Serikali, na mwaka 1998 wakafanya tamasha la kwanza. Jina lake ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, na kwa jina jingine Tamasha la Nchi za Jahazi. Tangu hapo limefanywa mwaka hata mwaka. La mwaka 2017 lilikuwa la 20. Mara nyingi huwa mwezi wa Julai, ingawa miaka mingine huletwa Juni au Agosti.

Kwa nini nchi za jahazi? Watu wa pwani wajua kwamba upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nao ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kisha kusi ikianza, majahazi yalirudi kwao yakichukua boriti za mikoko, karafuu na pembe. Kwa njia hiyo watu wa pande zote za bahari walibadilishana bidhaa, maneno, nyimbo, ndoa na dini. Vilevile ndani ya majahazi yale walichukuliwa watumwa, na haifai kulisahau hilo. Basi walioanzisha tamasha walisema kwamba nchi zote zilizounganishwa na bahari ile, tangu Afrika ya Mashariki mpaka Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa kama Komoro na Madagaska, ni jirani, na jirani wanapaswa kuonana.

Msidhani kwamba Ufipa ilikuwa nje ya ujirani huo. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita kwetu, ikaleta shanga na nguo. Na nguo zile za kigeni ndizo zilizowafanya wafumaji wetu wa pamba waache mitambo yao, mmoja baada ya mwingine. Jahazi halikupanda mlima huu, lakini shehena yake ilipanda.

RATIBA YA TAMASHA

Sasa nitawaeleza mambo yafanywayo katika siku za tamasha. Kiti chake ni Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe, mbele ya bustani ya Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga ngome hiyo baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kuta zake ni nene, zilijengwa kwa ajili ya mizinga. Leo ndani yake mna ngazi za mawe za kukalia, na usiku watu huketi chini ya nyota wakitazama picha. Mahali palipojengwa ili kuwazuia wageni pamekuwa mahali pa kuwakaribisha.

Jambo la kwanza ni shindano. Kuna picha ndefu za hadithi, picha fupi, picha za habari za kweli, na vikaragosi. Waamuzi hutoka nchi mbalimbali. Tuzo kubwa ni Jahazi la Dhahabu, na limepata kuwapo pia Jahazi la Fedha. Zimepata kuwapo pia tuzo nyingine zilizowekwa kwa vipaji vya Afrika ya Mashariki, na moja iliyopewa jina la Ousmane Sembène. Picha za Kiswahili nazo zimepewa nafasi yake.

Jambo la pili ni mafunzo. Mchana, wakati jua ni kali na picha hazionekani vema nje, vijana hufundishwa kuandika mchezo, kutumia kamera, kupima mwanga na kuunganisha vipande. Wengi wamekwenda kutazama, wakarudi wamekuwa mafundi.

Jambo la tatu ni mikutano ya wanawake na ya watoto. Zamani katika baadhi ya nyumba za Unguja haikuwa desturi mwanamke kukaa usiku katika halaiki ya wanaume. Basi wakapangiwa maonyesho yao na mazungumzo yao, wakajadili mambo ya malezi, afya na haki zao. Watoto nao wana michezo na picha zinazowafaa.

Jambo la nne, nami naliona kubwa kuliko yote, ni maonyesho ya vijijini. Mashine huchukuliwa hata mashamba ya Unguja na kisiwa cha Pemba, kitambaa hufungwa uwanjani, na watu hutazama bila kiingilio. Baada ya picha hukaa wakazungumza waliyoyaona. Tofauti na lori la mwaka 1935 ni hii: miongoni mwa picha zinazoonyeshwa zimo zilizotengenezwa na vijana wa visiwa hivyo hivyo.

Jambo la tano ni muziki, ngoma na mashindano ya ngalawa baharini. Kutokana na bidii hiyo yametokea mambo mengine. Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, ambapo taarabu na vyombo vya kale hufundishwa. Na mwaka 2004 likaanza tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, lifanywalo mwezi wa Februari.

LAWAMA NA MAJIBU

Si haki kusifu tu. Wako wanaolilaumu tamasha hili. Wanasema kwamba viti vya mbele vimejaa watalii. Wanasema pia kwamba fedha zake nyingi hutoka kwa wafadhili wa nje, nao wakifunga mfuko, taa huzimika. Tena wanasema kwamba picha za Kiswahili zitengenezwazo upesi kwa ajili ya kuuzwa sokoni, ambazo watu wa kawaida huzipenda, hazisifiwi sana na waamuzi.

Lawama hizi zina ukweli ndani yake. Tamasha linalotegemea mfuko wa mgeni ni kama shamba linalotegemea mvua ya jirani. Dawa yake ni wenyeji kulishika: kulihudhuria, kulichangia, na zaidi ya yote kulipelekea kazi njema. Kwa maana hata waamuzi wawe wema namna gani, hawawezi kutoa tuzo kwa picha ambayo haikutengenezwa.

Na kazi njema zinapatikana. Martin Mhando, Mtanzania aliyekuwa mkuu wa tamasha hili kwa miaka mingi, alitengeneza pamoja na Ron Mulvihill picha iitwayo Maangamizi, ambayo mwaka 2001 ilikuwa picha ya kwanza ya Tanzania kupelekwa katika shindano la Oscar huko Marekani. Haikupelekwa nyingine mpaka mwaka 2022, ilipokwenda Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Picha hiyo imetokana na kitabu cha Shafi Adam Shafi, habari za Unguja katika miaka ya hamsini, na imesemwa kwa Kiswahili. Kitabu cha mtu wa Unguja kimekuwa picha, na picha imekwenda hata Toronto. Kazi ya namna hiyo huanza kwa mtu mmoja aliyeandika habari za kwao kwa uaminifu.

NASI WATU WA UFIPA TUFANYE NINI?

Sasa narudi kwa babu yangu. Zamani Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Walijenga tanuru refu la udongo, liitwalo ilungu, lenye kimo kinachopita kimo cha mtu, likawaka kwa nguvu ya upepo upitao wenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, kwa mivukuto, kikafuliwa kuwa majembe. Kazi ile ilikuwa na miiko yake, na dawa zake, na nyimbo zake. Majembe ya nje yalipokuja kwa bei rahisi, moto wa malungu ukazimika. Mabaki ya matanuru yangaliko porini hata leo, yamesimama kama wazee waliosahauliwa.

Babu yangu alizijua nyimbo zile. Alifariki mwaka 1984. Nilikuwa nimekwisha kujua kusoma na kuandika, nilikuwa na daftari na kalamu, na siku nyingi niliketi naye jikoni tukiota moto. Sikuandika hata wimbo mmoja. Nalidhani ataendelea kuwapo. Hilo ndilo deni langu, na ndiyo sababu ya kuja mbele yenu jioni hii.

Msidhani kwamba vitu vya mawe ni salama kuliko kumbukumbu za watu. Karibu na Ngome Kongwe pana jumba kubwa liitwalo Beit el Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Kama jumba la namna hiyo, lililotazamwa na dunia yote, laweza kuanguka kwa siku moja, wimbo uliokaa katika kifua cha mzee mmoja una ulinzi gani?

Basi shaurini pamoja nami. Siku hizi hapahitajiwi lori wala mashine ya Ulaya ili kuanza. Simu aliyo nayo kijana inaweza kupiga picha na kunasa sauti. Kinachohitajiwa ni utaratibu. Kwanza, mwendee mzee kwa heshima, mwombe ruhusa yeye na jamaa zake, na kama kuna jambo la siri alilokatazwa kulisema, usimlazimishe. Pili, sikiliza kabla hujapiga picha. Andika habari yote katika daftari, ujue mwanzo wake na mwisho wake. Tatu, andika jina la msemaji, mahali na tarehe, maana picha isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na sahihi. Nne, kama mzee anasema Kifipa, mwache aseme Kifipa. Tafsiri itaandikwa chini ya picha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nao waamuzi wa tamasha wataisoma. Tano, iweke nakala shuleni, ili hata kama haikupata tuzo popote, watoto wa hapa waione. Sita, tamasha linapotangaza kwamba linapokea picha, ipelekeni kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa. Waalimu wanaweza kusaidia katika hili.

Pengine picha yenu itakataliwa mara ya kwanza. Hilo si aibu. Mkulima haachi kulima kwa sababu ya mwaka mmoja wa ukame. Itazameni tena, ulizeni kasoro yake, mwanze nyingine. Lakini wazee hawatangoji. Kila masika tunazika mmoja au wawili ambao walijua jambo ambalo sisi hatulijui.

Babu aliuliza, "Sisi tutatokea lini?" Fundi wa gari hakuweza kumjibu, kwa kuwa sanduku halikuwa lake. Leo sanduku liko mikononi mwetu, na Unguja uko mlango uliofunguliwa. Vijana mnaonisikiliza, usiku huu kabla hamjalala, mwulizeni mzee aliye karibu nanyi alifanya kazi gani ujanani mwake, na mchukue kalamu.